Kichwa cha treni ya modeli: Mjapani, Mjerumani au Mwingereza, nani anatembea laini na kudumu?

#1 ReliYaKati
Wakuu salama. Najua humu tunaochezea treni za modeli tuko wachache, lakini hao wachache wana maneno, kwa hiyo naleta hoja mezani.

Hapa Dar nina vichwa vya makabila matatu. Madai yangu ni haya: kwa kutembea laini na kwa kudumu, kampuni ya Kato ya Japani haina mpinzani. Ukigusa kitufe kinaondoka taratibu bila kushtuka, kinapita kwenye pointi (pale njia inapogawanyika) taa ikiwaka, na ukikifungia kabatini msimu mzima wa masika ukija kukitoa kinatembea. Vichwa vyangu vya Kiingereza vinapendeza kwa macho mpaka ribiti unazihesabu, lakini mwendo wake ni wa kubahatisha. Leo kinakwenda, kesho mpaka ukisukume kwa kidole. Vya Kijerumani viko katikati.

Sababu ni nini? Mota? Gia? Au ni bei tu inayoongea? Karibuni.

#2 FundiRedio
Uzi mzuri. Ila mkuu umefunga mbuzi wawili kamba moja. Kutembea laini ni kitu kimoja, kudumu ni kingine, na mara nyingi vinagombana.

Chukua mota ya zamani ya Tri-ang wa Uingereza, ile X04 ya miaka ya 1950 na 1960. Laini? Hapana. Inanguruma, inaanza kwa kishindo. Lakini unafungua skrubu, unatoa kaboni mbili na springi, unafuta komuteta (pete ya shaba inayoguswa na kaboni) kwa spiriti, unarudisha, inakwenda. Zipo zenye miaka 60 zinavuta mabehewa mpaka leo. Sasa kafungue kichwa cha kisasa: mota imefungwa kiwandani, kaboni hazifikiki, bodi ya umeme imejaa waya nyembamba kama unywele. Kikiwa kizima ni raha tupu. Kikifa, na spea imekwisha dukani, unabaki na pambo la kabati.

Kwa hiyo sema kwanza unauliza lipi.

#3 Binti_Gerezani
Mimi niko Stuttgart, Ujerumani, na Göppingen, kwao kampuni ya treni za modeli ya Märklin, ni safari fupi ya treni, kwa hiyo nitawasemea hawa watu.

Märklin wapo tangu 1859, na H0 yao (treni za kipimo cha 1:87) imejengwa tofauti na zote mlizozitaja. Reli zote mbili za pembeni zina umeme wa upande mmoja. Upande wa pili unatoka kwenye vidoti vidogo katikati ya njia, na kichwa kinavichukua kwa kipande kirefu cha chuma kinachoteleza tumboni mwake. Maana yake magurudumu yote, kushoto na kulia, yanafanya kazi moja ya kurudisha umeme. Gurudumu moja likiwa chafu, mengine yanabeba. Kile chuma cha tumboni kinagusa zaidi ya kidoti kimoja kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kwenye klabu yetu watoto wanaendesha mchana kutwa na hakuna anayesukuma kitu kwa kidole.

Kwa hiyo kwa maoni yangu siri si mota. Siri ni umeme unaingiaje ndani ya kichwa.

#4 ReliYaKati
#3 dada nimekuelewa, asante. Lakini vile vidoti vya katikati vinaniharibia sura ya njia, na bei ya Märklin hapa bila ndugu wa kukuletea huigusi.

#2 mkuu, nauliza yote mawili. Gari zuri lisilodumu si zuri.

#5 KutuYaPwani
Hamjambo wenzangu. Mimi ni wa Mombasa, na naona mnajadili viwanda huku mnasahau hewa. Treni ya yule dada inakaa kwenye nyumba yenye hita. Ya kwangu inapumua chumvi.

Reli za zamani za chuma cheupe, ukiziacha wiki mbili bila kuzifuta zina kutu. Za shaba zinafanya utando unaozuia umeme. Zinazovumilia ni zile za aloi ya shaba, nikeli na zinki tu, na hizo pia zataka kufutwa. Sasa kichwa cha Mjapani ukikijaribu kwenye njia mpya iliyokuja naye, na cha Mwingereza ukakijaribu kwenye reli za chuma za miaka ya sabini, huo si ushindani wa haki. ReliYaKati, hebu tuambie, vyote vyatembea juu ya njia moja?

Na chumvi haiishii kwenye reli. Nina chasisi moja ya metali ya kumiminwa, sitaji kampuni, imevimba na kupasuka katikati mpaka mota haizunguki. Bahari imeila.

#6 MzeeMakadara
Kijana wa #5, kwenye kutu ya reli uko sawa. Kwenye chasisi, bahari umeisingizia.

Chasisi ikivimba na kupasuka yenyewe, huo ni ugonjwa wa aloi ya zinki. Zinki ikichanganyika na metali ya risasi kidogo tu wakati wa kuyeyusha, chembe zake huanza kuachana kutoka ndani. Dawa yake ilijulikana zamani: mwaka 1929 kampuni ya New Jersey Zinc ya Marekani ilitoa aloi ya Zamak kwa kutumia zinki safi kabisa. Tatizo ni kiwanda kinachorusha vipande vya taka ndani ya tanuri. Ndiyo maana unakuta modeli za kabla ya vita zimesagika, na unakuta pia modeli za karne hii zilizotoka China zimepasuka, wakati jirani yake wa mwaka huohuo ni mzima. Ni bahati ya tanuri la siku ile.

Ukiona nyufa nyembamba kama za matope yaliyokauka, au kona zimeanza kujipinda, usipoteze pesa kubadilisha mota. Tafuta chasisi nyingine.

#7 KutuYaPwani
#6 mzee shikamoo, na ahsante kwa somo. Hata hivyo joto na unyevu huuharakisha ugonjwa huo huo, hilo wenyewe watu wa metali wanalisema. Chasisi ambayo Nairobi ingefika miaka 40, Mombasa hupasuka mapema. Kwa hiyo hewa bado imo kwenye kesi.

#8 MzeeMakadara
Marahaba. Imo, lakini ni shahidi. Mshtakiwa ni risasi.

#9 FundiRedio
Turudi kwenye mota kidogo, maana #3 ameitupa nje haraka mno.

Mota rahisi ina koili tatu. Kwa mwendo mdogo unaona inaruka kutoka nguzo hadi nguzo, ndiyo ule mwendo wa kujikwaa. Ya koili tano inaruka kidogo zaidi, na zile nafasi za chuma zikikatwa kwa mshazari mruko karibu unapotea. Halafu kuna mota isiyo na chuma kabisa ndani ya koili, ambayo Fritz Faulhaber wa Ujerumani aliiombea hati miliki mwaka 1958. Hiyo haina mruko wowote, inaanza kama maji. Siku hizi wapo wanaoiweka kiwandani, Kato wakiwemo kwa baadhi ya vichwa vya N (treni ndogo za njia ya milimita 9).

Ongeza flaiwili, kile kipande cha shaba kizito kwenye shafti. Umeme ukikatika kwa sehemu ndogo ya sekunde juu ya uchafu, flaiwili inasukuma mota ipite. ReliYaKati, taa zako kutozima kwenye pointi ni kazi ya magurudumu, lakini kichwa kutosita ni kazi ya flaiwili.

Tahadhari kwa wenye mota zisizo na chuma: msizipe umeme wa kontrola za zamani zinazopiga mapigo mazito. Koili ni nyembamba na haina chuma cha kupokea joto, inaungua kimyakimya.

#10 Tembo59
Mmesahau uzito! Kichwa kinavuta kwa uzito wake, kama robo hivi ya uzito uliokalia magurudumu yanayosukuma. Kichwa cha gramu 400 kinakupa mvuto wa gramu 100, basi. Viwanda vinavyoona kichwa ni chepesi vinavalisha magurudumu mpira. Mvuto unaongezeka, lakini gurudumu lenye mpira halichukui umeme, na ule mpira unabeba uchafu na kuupaka njia nzima. Lima ya Italia waliuza kwa bei ya maskini hivyo hivyo: mota bapa kwenye bogi moja (fremu ndogo ya magurudumu chini ya kichwa), mipira, na magurudumu machache ya kuchukua umeme. Ndiyo maana vilikuwa vinahitaji kukimbia ili visisimame.

Athearn wa Marekani walianza vibaya, miaka ya 1950 walikuwa na vichwa vinavyoendeshwa kwa raba bendi, kweli kabisa. Baadaye wakaweka mota katikati, gia kwenye bogi zote mbili, magurudumu yote yanasukuma na yote yanachukua umeme, na chuma kizito juu. Vinanguruma kama mashine ya kusaga, lakini huviui.

Na kwa heshima ya jina langu: zile Garratt, vichwa vya mvuke vya daraja la 59 za reli yetu ya Afrika Mashariki, 34 zilizotengenezwa na Beyer Peacock Manchester mwaka 1955 na 1956, zilikuwa na magurudumu 16 ya kusukuma chini ya tani 252. Hiyo ndiyo falsafa sahihi.

#11 ReliYaKati
Nilikuwa najiuliza Garratt itaingia kwenye mchango wa ngapi. #10 umejitahidi kuvumilia.

#12 Tembo59
Nilingoja mtaje uzito wenyewe mkashindwa. Mount Gelai imesimama pale makumbusho ya reli Nairobi, nenda kaisujudie.

#13 Maskati_Mjini
Assalaam alaykum. Mie nasoma tu toka mwanzo, lakini hii habari ya Mwingereza na Mmarekani inanipa tabu. Hebu tazameni: Hornby walihamishia uzalishaji China miaka ya 1990. Bachmann wa Marekani ni mali ya Kader wa Hong Kong tangu 1987. Kiwanda cha Sanda Kan kiliwahi kutengeneza modeli za Hornby, za Atlas, za Life-Like, na mwishowe Kader wakakinunua. Sasa huyo Mwingereza yuko wapi hapo? Fundi mmoja, meza moja, sanduku tofauti.

Kato wanatengeneza wenyewe kwao Japani, na N yao wameianza 1965. Kwa mawazo yangu tofauti mnayoiona ni ya mwenye kiwanda na mkodi wa kiwanda. Mwenye kiwanda akiona gia imekaa vibaya asubuhi, mchana ishabadilishwa. Mkodi anapata habari sanduku lishafika dukani.

#14 Binti_Gerezani
#13 hapo umesema kitu, lakini haitoshi. Wapo wenye viwanda vyao hapa Ulaya na bado mzigo wao mmoja unatoka mzuri, mwingine unarudishwa. Kwenye klabu tulinunua vichwa pacha, sanduku moja, namba zinafuatana. Kimoja ni hariri. Pacha wake alikuwa anagonga tok, tok, tok kila mzunguko wa ekseli. Tulipomfungua tukakuta gia ya plastiki imepasuka kati ya meno mawili, ufa hauonekani mpaka uishike kwenye mwanga. Ile gia imebanwa juu ya ekseli ya chuma, plastiki inasinyaa na miaka, inapasuka yenyewe. Mwenye kiwanda hawezi kuiona asubuhi wala mchana, maana siku inatoka ilikuwa nzima.

Kichwa chochote kikianza kugonga kwa mpigo unaolingana, tazama gia za ekseli kabla ya kulaumu mota.

#15 NjeYaMstari
Habari zenu wakubwa. Mimi mgeni, nimeletewa seti ya kwanza na shemeji yangu, H0. Inatembea kwa kukwamakwama. Naomba kujua: mafuta ya cherehani yanafaa? Na njia nimeisugua kwa msasa ikang'aa lakini baada ya siku chache imekuwa mbaya kuliko mwanzo.

#16 FundiRedio
Karibu. Msasa weka mbali. Kila mkwaruzo ni mfereji wa kukaa uchafu, ndiyo maana imekuwa mbaya zaidi. Futa kwa kitambaa cha pamba kisichotoa nyuzi, kimelowa spiriti kidogo. Magurudumu pia: tandaza kitambaa hicho juu ya reli, bogi moja iwe juu ya kitambaa na nyingine juu ya reli tupu, washa, magurudumu yatajisugua yenyewe. Geuza, rudia. Utashangaa weusi utakaotoka.

#17 MzeeMakadara
Mafuta ya cherehani nimeyatumia miaka mingi kwenye beringi za mota za zamani, hayana neno. Lakini ni tone la ncha ya sindano. Vijana wengi wanaua vichwa kwa mafuta mengi kuliko kwa ukavu: yanatiririka hadi kwenye komuteta, yanachanganyika na vumbi la kaboni, mota inapoteza nguvu na kunuka.

#18 FundiRedio
#17 mzee kwa vyuma sawa. Kwa plastiki nabisha kidogo. Zipo plastiki za gia zinazoyavumilia, na zipo plastiki za bodi zinazopasuka zikikutana na mafuta ya madini. Kwenye kichwa cha kisasa bora yale yaliyoandikwa kuwa ni salama kwa plastiki. Petroli na thina zisikaribie kabisa.

#19 MzeeMakadara
Petroli hakuna aliyeitaja, fundi. Mafuta yangu ya cherehani nitaendelea nayo.

#20 NjeYaMstari
Asanteni sana. #16 nimefanya hiyo ya kitambaa, kitambaa kimekuwa cheusi kama masizi na sasa kinapita raundi nzima. Kwenye pointi tu ndipo kinasimama.

#21 Binti_Gerezani
Kina magurudumu mangapi? Kama ni kifupi cha magurudumu manne, tazama katikati ya pointi pale reli zinapokatana. Ikiwa ni kipande cha plastiki, hapo hapana umeme. Kichwa kirefu kinavuka, kifupi kinakufa. Dawa ni pointi yenye kipande cha chuma kilichounganishwa waya.

#22 Maskati_Mjini
Au mtie kapasita. Mie nimehamia dijitali yote. Dekoda, kile kidude cha umeme ndani ya kichwa kinachopokea amri, inapima mzunguko wa mota katikati ya mapigo ya umeme na kuongeza au kupunguza yenyewe, na kapasita inabeba kichwa juu ya uchafu. Kichwa changu kimoja kilichokuwa kinaruka kama chura, baada ya dekoda nzuri kinatambaa. Nanyi mwabishana koili tatu na tano!

#23 FundiRedio
#22 sheikh, dekoda inaficha ugonjwa, haiutibu. Gia iliyochoka inabaki imechoka, sasa inalazimishwa tu. Na umeniongezea kitu kimoja zaidi cha kufa.

#24 Maskati_Mjini
Miwani nayo haitibu macho, na umeivaa.

#25 ReliYaKati
Wakuu napendekeza tupime badala ya kubishana. Mtu anayetembea kwa miguu, kilomita 5 kwa saa, kwa kipimo cha 1:87 ni sentimita 1.6 kwa sekunde. Weka alama mbili, sentimita 30, kichwa kinatakiwa kitumie kama sekunde 19 bila kusimama. Upande wa kasi, SGR yetu ya kilomita 160 kwa saa ni kama sentimita 51 kwa sekunde. Watu wengi wanaendesha zaidi ya hapo halafu wanalalamika gia zimeisha.

Nimejaribu vyangu, na nimetumia njia moja ya H0 kwa vya Kijerumani na vya Kiingereza ili #5 aridhike. Cha Kijerumani kimepita. Cha Kiingereza kikavu kimesita. Nilipokifuta magurudumu na kukiongezea risasi ya uzito ndani ya bodi, kimepita pia. Cha Kijapani kiko kwenye njia yake ya milimita 9, nacho kwa kipimo chake kimepita bila kuguswa.

#26 KutuYaPwani
Nimeridhika nusu. Kilichobadilika hapo ni usafi na uzito, kiwanda ni kilekile.

#27 Tembo59
Uzito! Niandikieni.

#28 Binti_Gerezani
Na usafi ni umeme kuingia. Niandikieni na mimi.

#29 ReliYaKati
Lakini cha Kijapani hakikuhitaji kufutwa wala kuongezwa kitu. Hilo nani atalieleza?

#30 MzeeMakadara
Umri. Umesema hakijafikisha hata miaka mitano kwako. Kileteni hapa kikifika 30, na gia zake tuzitazame kwenye mwanga.

#31 ReliYaKati
Mzee, miaka mitano sikuisema popote! Ni cha mkono wa pili na kimezaliwa kabla sijaanza shule ya msingi.

#32 NjeYaMstari
Samahani nawatoa nje ya mada. Ningependa siku moja niwe na kichwa cha TAZARA. Reli zangu za H0 zitafaa au ninunue upya?

#33 Tembo59
Zinafaa, ila ubadilishe kipimo cha treni. TAZARA ni milimita 1,067, si 1,435 kama SGR. Ukitengeneza bodi kwa 1:64, reli yako ya milimita 16.5 inakaa karibu sawasawa. Wenzetu wa Afrika Kusini na New Zealand, ambao reli zao ni za upana huo huo, ndivyo wanavyofanya.

#34 Binti_Gerezani
Chini yake weka mtambo wa kichwa cha dizeli cha Kimarekani cha H0, wenye mota katikati na bogi mbili za ekseli tatu tatu, hata wa mitumba. Kabla hujalipa mwombe muuzaji akupimie umbali kati ya ekseli na kati ya bogi, maana kwa 1:64 bodi itakuwa ndefu kuliko chasisi na itabidi uikate katikati uirefushe. Na mwombe akurekodie video kikitembea polepole, sauti iwe juu, usikie kama kinagonga.

#35 MzeeMakadara
Akikataa kurekodi, usinunue.